Jamani, Livingstone hakugundua chanzo cha Nile

Juzi nilikuwa Ujiji na kundi la wanafunzi, pale kwenye mnara, sijamaliza hata salamu mwalimu wao keshawaambia "hapa ndo alikaa mzungu aliyegundua chanzo cha mto Nile". Nimeisikia hiyo mpaka nimechoka, leo naandika.

Hakugundua huyo Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, bado anakitafuta, tena anakitafuta siko. Speke, msafiri Mwingereza, alishafika Ziwa Victoria 1858, akarudi 1862 akaona maji ya Nile yanavyotoka ziwani pale Jinja, Uganda ya leo. Alikuwa sahihi. Livingstone akagoma kukubali.

Na msidhani aligoma kwa sababu alikuwa na vipimo bora. Alikuwa kamwamini Herodotus, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,000 nyuma yake, aliyesimuliwa na karani wa hekalu huko Misri kwamba Nile inatoka kwenye chemchemi katikati ya milima miwili, nusu ya maji inaenda kaskazini nusu kusini. Herodotus mwenyewe kaandika kwamba alihisi yule karani anamtania! Livingstone akaibeba hivyo hivyo, akawa anasaka chemchemi nne, mbili ziwe za Nile, mbili za Zambezi na Kafue, akazigawia majina ya marafiki zake hata hajazitia machoni. Halafu akatumaini kukuta huko bara magofu ya mji wa zamani unaohusishwa na Nabii Musa. Yote yamo kwenye daftari zake za safari.

Sasa njooni kwenye Lualaba, mto wa Kongo ya leo ambao Livingstone alidhani ndio Nile yenyewe, maana hapa ndo watu wananikera kweli. Wanasema "alikosea kidogo tu, mto si ulikuwa unaenda kaskazini?" Kuelekea kaskazini siyo ushahidi. Mto unakata kona, na Lualaba inakata kweli, inapinda magharibi inakuwa Kongo. Cha kuuliza ni mwinuko. Unachemsha maji, unasoma kipimajoto, ukiwa juu yanachemka kwa joto dogo zaidi, basi, na Livingstone hivyo vipimo alivijua vizuri. Cameron, msafiri Mwingereza, alipofika Nyangwe, mji wa kando ya Lualaba, 1874 akapima akakuta Lualaba pale iko chini kuliko Nile kule Gondokoro, Sudan Kusini ya leo, na maji yake ni mengi kuliko ya Nile. Maji hayapandi mlima! 1877 Stanley, msafiri mwingine, akaufuata mto huo mpaka Atlantiki, kesi ikafungwa. Na kinachoniuma zaidi, Livingstone mwenyewe aliandika kwamba anaogopa asije akawa anafuata Kongo. Wasiwasi alikuwa nao, kuacha hakuweza.

Ndo tabia yake. 1856 akishuka Zambezi alikata njia ya mkato akayaruka maporomoko ya Kebrabasa, Msumbiji ya leo, akaenda Uingereza kutangaza kwamba meli itapanda mto ule, 1858 wakarudi na meli ikashindwa palepale. Akagombana na karibu kila mzungu wa msafara ule, Thomas Baines mchoraji akafukuzwa kwa tuhuma za wizi bila kusikilizwa ipasavyo.

Kuna sehemu moja mimi mwenyewe huwa inanipa shida kuieleza. Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa risasi sokoni Nyangwe na watu wa wafanyabiashara wa watumwa kutoka pwani, wengi wao wanawake, na taarifa yake ilichangia soko la watumwa Zanzibar kufungwa 1873. Hiyo siwezi kumnyang'anya. Lakini kwa miaka alikuwa anakula na kusafiri na wafanyabiashara haohao wa pwani, Muhammad bin Gharib ndiye aliyemuuguza 1869 alipokuwa hoi, naye alikuwa na watumwa. Wanafunzi wakiniuliza kama alikuwa mtu mwema, jibu langu la asubuhi na la jioni halifanani.

Yule mwalimu nilimshusha na wanafunzi wake mpaka ziwani, Ziwa Tanganyika, nikawaonyesha ng'ambo. Maji haya yanatoka ziwani kwa upande ule, kupitia mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanaenda Atlantiki. Ya Ujiji hayafiki Misri.