Siku ya Malipo: Namna Ninavyoipima Supamaketi kama Mwajiri na kama Jirani

Tawi jipya la supamaketi linapofunguliwa katika mji wowote wa Kenya, hotuba za siku hiyo hufanana sana. Meneja hutaja idadi ya vijana walioajiriwa, mwakilishi wa kaunti hushukuru kwa miche iliyopandwa au madawati yaliyopelekwa katika shule ya karibu, kisha utepe hukatwa na watu huingia kutafuta unga wa bei nafuu. Mimi ni mhasibu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasaidia wasambazaji wadogo wa bidhaa kuandaa ankara zao na kuzifuatilia mpaka zilipwe. Kwa sababu hiyo, jambo ninalotaka kulijua kuhusu mnyororo wowote wa maduka makuu huwa halitajwi katika sherehe hizo, nalo ni hili: kuanzia siku bidhaa inapopokelewa bohari hadi siku mwenye bidhaa anapolipwa, hupita muda gani? Naamini kwamba muda huo hueleza jinsi kampuni inavyowatendea wafanyakazi na majirani zake kuliko taarifa yoyote ya misaada ya kijamii.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima tuangalie namna biashara yenyewe inavyoendeshwa. Mteja hulipa papo hapo, iwe ni kwa noti, kadi au M-Pesa. Mwoka mkate aliyeleta mzigo alfajiri, kwa upande wake, hupewa stakabadhi ya kupokelewa kwa mzigo na kuambiwa asubiri siku 30, 60 au hata 90. Mkate huo haukai rafuni zaidi ya siku mbili, kwa hiyo fedha za mwoka mkate hubaki mikononi mwa supamaketi kwa wiki kadhaa baada ya mkate kuliwa na kusahaulika. Huo ni mkopo usio na riba wala rehani, na katika kampuni yenye matawi mengi hufikia mabilioni ya shilingi. Mpangilio huu si kosa kwa asili yake, kwani maduka makuu duniani kote huendeshwa hivyo. Hatari huanza pale fedha hizo zinapotumiwa kujenga tawi jingine. Tawi jipya huletewa bidhaa mpya kwa mkopo mpya, mauzo yake husaidia kulipa madeni ya matawi ya zamani, na kampuni hujikuta haina budi kuendelea kupanuka ili iweze kulipa. Siku upanuzi unapokwama, pengo lililokuwa limefichika huonekana, na kwa kawaida huwa limekwisha kuwa kubwa mno.

Wakenya tumeliona hilo likitokea mara tatu. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa msukumo wa serikali na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992, ilifunga milango yake katikati ya mwaka 2006, ikafufuliwa, ikarudi sokoni mwaka 2011, kisha ikayumba tena. Mnamo Oktoba 2015 ilifunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, iliyochipuka kutoka duka la magodoro la Nakuru, ilifikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi 4 na hata kuchukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014. Mnamo Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi ikiwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ya kuifunga kabisa. Matawi 6 yaliyokuwa yamesalia yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422. Tuskys ilifuata njia iyo hiyo kuanzia mwaka 2020. Katika visa vyote vitatu wasambazaji walikuwa wamelalamika muda mrefu kabla ya magazeti kuanza kuandika.

Dalili za kampuni inayoanguka huonekana rafuni kabla hazijaonekana katika vitabu. Wasambazaji wa maziwa na mkate, ambao hawana mtaji wa kusubiri, huwa wa kwanza kudai fedha taslimu au kuacha kuleta mzigo. Nafasi zao hujazwa kwa karatasi za chooni na chupa za maji zilizopangwa kwa upana ili rafu isionekane tupu. Wafanyakazi ndio wanaozipanga, kwa hiyo hao huujua ukweli mapema kuliko mwenye jengo na mapema kuliko benki. Baadaye mshahara huanza kuchelewa, kwanza kwa siku chache, kisha kwa wiki.

Kuna dalili nyingine ambayo naiona mbaya zaidi kwa kuwa haina kelele. Hati ya mshahara huonyesha kwamba mfanyakazi amekatwa mchango wa NSSF, bima ya afya na akiba ya Sacco, lakini fedha hizo hazifiki zinakostahili kufika. Mfanyakazi huweza kukaa miezi kadhaa bila kujua, mpaka siku anapoomba mkopo wa karo au anapompeleka mtoto hospitalini na kuambiwa kwamba mchango wake haujalipwa. Mamlaka inayosimamia vyama vya akiba na mikopo, SASRA, imekuwa ikieleza katika ripoti zake jinsi waajiri wasiowasilisha makato wanavyovidhoofisha vyama hivyo. Mwajiri anayefanya hivyo amekopa kwa mtu aliye chini kabisa katika ngazi yake, tena bila kumwomba.

Nikirudi kwenye zile ajira zinazotangazwa siku ya ufunguzi, msomaji anapaswa kuuliza ni ajira za nani. Ndani ya supamaketi moja huwa kuna watu wa aina tatu ambao mteja hawezi kuwatofautisha. Wapo walioajiriwa na supamaketi yenyewe, kama vile makeshia na wasimamizi wa vitengo. Wapo walioletwa na mawakala, hasa walinzi na wafagiaji, na mara nyingine hata wapakiaji wa bidhaa kwa kandarasi za miezi michache zinazorudiwa-rudiwa. Kundi la tatu ni la vijana wanaopanga bidhaa rafuni wakiwa wamevaa fulana za kampuni za sabuni, mafuta ya kupikia au maziwa. Hao hulipwa na msambazaji, ingawa ratiba yao ya kila siku hupangwa na meneja wa tawi. Kampuni inapotangaza kwamba tawi limeleta ajira kadhaa, mara nyingi makundi yote matatu huwa yamehesabiwa pamoja. Tawi likifungwa, hesabu hubadilika, kwani ni kundi la kwanza tu linalotambuliwa kuwa na madai dhidi ya supamaketi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haiko kimya kuhusu mambo haya. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, azingatie ukongwe, ujuzi na uaminifu anapochagua wa kuondoka, na alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Kifungu cha 37 kinaeleza jinsi kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anavyoweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi. Kifungu cha 19, ambacho makeshia wengi hawajawahi kukisoma, kinaruhusu mfanyakazi akatwe upungufu wa fedha ikiwa tu umetokana na uzembe au udanganyifu wake, na ikiwa mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa jukumu la kupokea na kutunza fedha. Makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Desturi ya kugawanya hasara ya wizi wa bidhaa kwa wafanyakazi wote wa zamu, ambayo nimeisikia ikisimuliwa kana kwamba ni jambo la kawaida, haina msingi katika kifungu hicho.

Tatizo ni kwamba haki hizi humfaa mfanyakazi wakati mwajiri bado ana fedha. Kampuni ikishafilisika, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ndiyo inayopanga foleni. Wadai wenye dhamana maalum, kwa kawaida benki, hutazama mali iliyowekwa rehani. Gharama za mchakato wenyewe hutangulia, na ndipo mishahara ya miezi 4 iliyotangulia ufilisi inapopewa kipaumbele, tena kwa kiwango chenye ukomo kwa kila mfanyakazi. Aliyekuwa akidai zaidi ya hapo huungana na wadai wa kawaida, pamoja na yule mwoka mkate. Supamaketi haina mali nyingi ya kugawa: jengo ni la kupanga, bidhaa ni za mkopo, na rafu zilizotumika haziuziki kwa bei ya maana.

Kwa miaka ya karibuni, hatua zenye uzito zaidi zimetoka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, wala si kwa Wizara ya Leba. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani yameliweka wazi kosa la mnunuzi mkubwa kutumia nguvu zake vibaya dhidi ya mwuzaji mdogo, ikiwemo kuchelewesha malipo bila sababu na kumtwisha msambazaji gharama za mnunuzi. Mnamo Desemba 2023 mamlaka hiyo iliitoza Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kutokana na malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali, na kuiagiza iondoe masharti kadhaa katika mikataba yake. Naona uamuzi wa aina hii una maana kwa wafanyakazi pia, hata kama haukuwataja moja kwa moja. Msambazaji aliyelazimishwa kutoa punguzo juu ya punguzo hutafuta mahali pa kufidia, na yule kijana mwenye fulana ya sabuni ndiye huwa wa kwanza kupunguziwa.

Kuhusu ujirani, sitaki kudharau miche wala madawati. Hata hivyo, uzito wa supamaketi mtaani hutokana na mambo mengine. Mwenye jengo huchukua mkopo akitegemea kodi yake. Maduka ya dawa na ya simu hupanga kando yake kwa sababu ya wateja inaowavuta, na bodaboda huweka kituo mlangoni. Mkulima wa sukumawiki au nyanya anayepata oda ya kila wiki hupanda kwa kufuata ratiba ya oda hiyo, na akichelewa kulipwa msimu mmoja, msimu unaofuata hana mbegu. Mama mboga wa nje ya ukuta naye hupoteza wateja kadhaa na kupata wengine. Kwa maoni yangu athari hiyo hutiwa chumvi pande zote mbili, kwa kuwa wateja wa nusu kilo na wateja wa toroli si wale wale siku zote.

Wamiliki wa minyororo iliyobaki wamebadilika. Naivas, iliyoanza kama duka la familia katika Bonde la Ufa, sasa inamilikiwa kwa sehemu kubwa na muungano unaoongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius, ulioingia mwaka 2022 na kuongeza hisa zake mwaka uliofuata. Quickmart iliunganishwa na Tumaini chini ya mwekezaji wa nje. Wawekezaji wa namna hii hudai hesabu zilizokaguliwa na taratibu za ajira zilizoandikwa, jambo ambalo familia zenye ugomvi wa urithi hazikulipa kipaumbele. Lakini hesabu hizo huonekana na nani? Kwa kuwa Uchumi ilikuwa imeorodheshwa katika soko la hisa, mtu yeyote angeweza kusoma madeni yake kwa wasambazaji yakipanda mwaka hadi mwaka. Kwa Nakumatt na Tuskys, zilizokuwa mali binafsi, haikuwezekana. Hali hiyo bado ipo. Hakuna mnyororo hata mmoja kati ya hii mikubwa mitatu ya leo, yaani Naivas, Quickmart na Carrefour, ulioorodheshwa Nairobi, na msambazaji wa Kinangop anayetaka kukisia jinsi Naivas inavyoendelea hana budi kutafuta taarifa za fedha za IBL, zinazochapishwa Port Louis kwa ajili ya wanahisa wa huko.