Tuta linalofanya kazi, na mengine yanayohitajika mtaa ukishapata lami

Mtaa ukiwa wa vumbi na makorongo, hakuna dereva anayekimbia, maana mashimo yanafanya kazi ya trafiki. Ikija lami, kama ilivyofanyika kwenye mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, vumbi linaisha, maji yanapata njia na bajaji inafika hadi mlangoni. Lakini mtoto anayetumwa chumvi gengeni bado anavuka palepale alipokuwa akivuka zamani. Kilichobadilika ni mwendo, na mwendo ndio unaoua.

Hesabu yake ni hii. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu aone hatari hadi breki zishike. Mita 14 zimeshapita na gari bado halijaanza kupungua, kisha kwenye lami kavu linataka mita nyingine 14 hivi ndipo lisimame. Gari la kilomita 30 hupita mita 8 na kidogo katika sekunde hiyo, halafu linasimama ndani ya mita 5. Sasa mtoto achomoke nyuma ya bajaji, mita 13 na nusu mbele ya gari. La 30 limesimama, mtoto yuko mbele ya boneti. La 50 linamgonga na mwendo wake wote, breki bado hazijaguswa, na nguvu ya kile kishindo inakaribia mara tatu ya ile ya kilomita 30.

Sheria inaweka kikomo cha 50 kwenye maeneo ya makazi. Kwa mtaa wa nyumba, genge, msikiti na shule, mimi hulenga 30. Kibao chenye namba 30 hakitoshi. Dereva huendesha kwa jinsi barabara inavyomwambia, na lami pana iliyonyooka inamwambia akanyage mafuta.

Pima kabla ya kuomba chochote

Malalamiko ya "magari yanakimbia sana" hayamsaidii mhandisi. Namba zinamsaidia, na huhitaji mashine. Chukua futi kamba, chora mistari miwili ya chokaa pembeni mwa lami, mita 50 kutoka mmoja hadi mwingine. Kaa kibarazani au chini ya mti na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, bila koti la rifleka, kwa sababu dereva akikuona atapunguza. Gari likipita mita hizo 50 kwa sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4.5 ni 40, sekunde 3.6 ni 50, sekunde 3 ni 60. Kidole kinaweza kukosea kwa theluthi ya sekunde, na kwenye mwendo wa 50 kosa hilo linageuza jibu kuwa 46 au 55, kwa hiyo usibishane na mtu juu ya gari moja. Pima vyombo 100, bodaboda zikiwemo, na uache vile vilivyo nyuma ya gari jingine au vinavyosimama dukani. Vipange kuanzia chenye kasi zaidi, uhesabu hadi cha 15. Mwendo wa hicho ndio unaoandika kwenye barua ya maombi, kwa kuwa vyombo 86 kati ya 100 vinakwenda hivyo au chini yake.

Rudia mara tatu: saa 12 na nusu asubuhi watoto wakienda shule, saa 8 mchana, na saa 3 usiku. Namba za usiku ndizo zinazoshtua watu. Muda huohuo mtu wa pili achore ramani ya mtaa kwenye karatasi na kuweka alama kila mtu anapovuka. Baada ya saa moja utaona alama zimerundikana mahali pawili au patatu, na mara nyingi si pale ambapo ungepaweka kivuko kwa kukisia.

Kwa nini tuta la wananchi halipunguzi mwendo

Baada ya ajali, wakazi huchanga saruji na kumwaga tuta usiku. Uchungu wao naujua na siwalaumu. Lakini tazama kinachojengwa: zege lenye upana wa sentimita 40 na kimo cha 15, wima kama ngazi. Tuta fupi namna hiyo linamwadhibu anayekwenda taratibu, kwa sababu springi zinapata muda wa kumrusha vizuri. Anayekwenda kasi, tairi linaruka na springi zinameza kishindo kabla mwili haujakipata. Mtafiti Watts alilionyesha jambo hili nchini Uingereza mwaka 1973, na kutokana na kazi yake likaja tuta refu la mviringo lenye urefu wa mita 3.7. Hilo hufanya kinyume chake: ukipita taratibu unapanda na kushuka kama wimbi, ukikimbia kiti kinakurusha.

Tuta fupi lina mabaya mengine. Linakwangua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Linamtesa mama mjamzito aliye ndani ya bajaji na mgonjwa aliye ndani ya gari la wagonjwa. Bila rangi wala taa, linamwangusha bodaboda usiku. Tena Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali, kwa hiyo mamlaka ikija italivunja na mchango wenu utakuwa umepotea.

Tuta sahihi lina urefu wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa safari na kimo cha sentimita 10 katikati. Kwenye mtaa unaopitwa na daladala, shusha kimo hadi 7.5. Fundi asikisie kwa jicho. Mkatie ubao wa kipimo wenye urefu wa mita 3.7, ubavu wake wa chini ukiwa na umbo la tuta. Ukianza katikati na kwenda nje kila sentimita 46, kimo kinakuwa 10, kisha 9.4, kisha 7.5, kisha 4.4, kisha sifuri. Ubao huo unaburuzwa juu ya lami ya moto kabla haijashindiliwa na baada yake. Kabla ya kushindilia acha ziada kidogo, kwa sababu lami itashuka.

Kwa barabara yenye upana wa mita 6, tuta moja linakula karibu mita moja na nusu ya ujazo, yaani tani tatu na nusu hivi za lami iliyoshindiliwa. Iagizwe mapema, ifike ikiwa moto. Safisha uso wa zamani hadi vumbi liishe, paka lami ya maji ili tabaka jipya lishike, kisha weka tabaka mbili za sentimita 5 na ushindilie kila moja peke yake.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye midomo, pale tuta linapoanzia na kuishia. Fundi hupunguza lami hadi kuwa nyembamba kama chapati. Kokoto ya ndani ni milimita 14, na unene wa pale ni milimita 5. Haiwezi kushindilika, inakaa juu juu tu. Mvua za kwanza zikipiga, mdomo unabanduka na ile pembe laini inageuka kuwa kizingiti. Dawa yake ni kukata lami ya zamani kwa mashine ya diski, mfereji wa kina cha sentimita 5 na upana wa 25 kwenye kila mdomo, ili lami mpya ianze ndani ya mfereji. Gharama inaongezeka kidogo, lakini tuta linakaa miaka.

Maji na bodaboda kwenye pengo

Dar mtaa unainama taratibu, na tuta lililofungwa toka ukingo hadi ukingo ni bwawa wakati wa masika. Maji yakilala juu ya lami wiki nzima, yanapenya chini na shimo linafunguka hatua moja kabla ya tuta. Kwa hiyo unaacha pengo la sentimita 15 hadi 20 kila upande ili maji yafuate ukingo.

Pengo hilo bodaboda ataliona siku ileile. Tairi lake linapita, na tuta kwake linakuwa halipo. Tena anapita pembeni kabisa, palipo na watembea kwa miguu. Hapa utumie upana wa usukani. Usukani wa pikipiki unakaribia sentimita 75, nusu yake hivi kila upande wa tairi. Simika nguzo fupi ya zege sentimita 10 nje ya ukingo wa lami, kimo chake mita moja na ipakwe rangi nyeupe. Dereva akijaribu kupitisha tairi kwenye pengo, usukani unagonga nguzo, kwa hiyo atapanda tuta kama wengine. Nguzo iliyosimikwa nusu mita nje haizuii kitu.

Tuta moja peke yake linapunguza mwendo hapo lilipo tu. Dereva akishalivuka anafidia kwa kukanyaga mafuta. Yapange kila mita 60 hadi 80. Yakizidi mita 100, katikati yake watu wanarudi kwenye 50. La kwanza liwe karibu na mahali pa kuingilia mtaa, gari likiwa bado linatoka kwenye kona na halijapata kasi. Usiliweke kwenye kona yenyewe, wala mbele ya geti la mtu, wala juu ya kalavati. Liweke karibu na nguzo ya taa. Kama hakuna taa, omba taa ya sola kwenye barua hiyohiyo.

Kivuko juu ya tuta

Pale alama za ramani yako zilipojaa, tuta la mviringo halifai. Jenga tuta bapa: juu pawe tambarare mita 4, na kila upande mteremko wa mita 1 hadi 1.5. Zebra inachorwa juu yake. Mtu anavuka usawa mmoja na njia ya miguu, kiti cha magurudumu kinapita bila kusukumwa, na gari limeshapungua kabla ya kumfikia. Zebra iliyochorwa kwenye lami tupu ya mtaa naiona ni hatari zaidi ya kukosa zebra, kwa sababu mtoto anaiamini na dereva haioni. Ondoa maegesho na meza za biashara mita 10 kabla ya kivuko upande magari yanakotokea, ili mtoto wa kimo cha mita moja aonekane. Rangi iwe ile ya kuchemshwa yenye chembe za kioo zinazong'aa usiku. Rangi ya kawaida ya kopo haivuki msimu.

Mahali pa kutembea

Watu hutembea kwenye lami kwa sababu pembeni ni mtaro wazi. Ukiwa na mita 8 kutoka mtaro hadi mtaro, usizimalize zote kwa magari. Mita 5 zinatosha magari mawili madogo kupishana taratibu, na kule kubanana kwenyewe kunapunguza mwendo. Zinabaki mita 1.5 kila upande kwa miguu.

Mtaro wenyewe ukifunikwa kwa slabu unaongeza njia. Ila slabu nyingi hupasuka kwa sababu nondo zimewekwa juu au katikati. Mtu akikanyaga, upande wa chini ndio unaovutika, kwa hiyo nondo zikae chini, zikiachiwa sentimita 2 hadi 3 za zege la kuzilinda. Vipande viwe vyembamba. Slabu ya sentimita 90 kwa 40 yenye unene wa 10 ina kilo 86 hivi, na vijana wawili wenye ndoano wataiinua kuzibua taka. Ukiimwaga kuwa kipande kimoja cha mita mbili, hakuna atakayeifungua, mtaro utaziba na maji yatarudi barabarani.

Kijiwe cha bodaboda kwenye kona kihamishwe mita 10 ndani, kwa makubaliano, na kiwe mahali penye kivuli. Ukiwafukuza bila kuwapa pa kukaa, kesho wako palepale. Waulize pia ni wapi wanaponea chupuchupu. Wanajua mtaa kuliko ramani yoyote.

Barua inaanzia kwenye mkutano wa serikali ya mtaa. Muhtasari wenye sahihi, namba za mwendo, ramani na picha vinapita kwa mtendaji wa mtaa na wa kata hadi TARURA ya wilaya, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Kama barabara ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, peleka huko. Uliza kwanza, usipoteze miezi. Dar ina mfano wa kuonyesha. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliofanya kazi za namna hii kuzunguka shule za msingi, ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute, mwaka 2019. Uliweka njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo fupi, vitu vya bei nafuu vilivyowekwa mahali pake.

Mwezi mmoja baada ya kujenga, rudi na chokaa na simu. Pima katikati ya matuta mawili, si juu ya tuta. Chombo cha 15 kikipita mita 50 chini ya sekunde 5, nafasi kati ya matuta ni kubwa mno na linahitajika jingine. Kagua midomo na rangi mwezi wa pili, kabla ya masika, na tena mwezi wa tisa, kabla ya vuli. Siku hizohizo slabu zifunguliwe na mtaro uzibuliwe.