Picha kabla ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana: dhana potofu na ukweli

"Kolonoskopi (kamera ya kutazama ndani ya utumbo) imeonyesha uvimbe, biopsi (kipimo cha kipande cha nyama) imethibitisha saratani. CT (picha za eksirei za kompyuta) ya nini tena?"
Ndugu wa mgonjwa huuliza hivi wakishaona bei, na si kosa lao. Lakini kolonoskopi huona ndani ya utumbo tu. Haioni kama uvimbe umetoboa ukuta na kushika kibofu, wala kama saratani imefika kwenye ini au mapafu. Ndiyo maana hupigwa CT ya kifua, tumbo na nyonga kabla ya upasuaji.

"Altrasaundi ilikuwa safi."
Haitoshi. Hewa iliyomo tumboni huziba njia ya mawimbi ya sauti.

"CT imeonyesha tezi za limfu zimevimba, basi saratani imeshasambaa."
Hapa ndipo watu wanapokata tamaa bure. CT hupima ukubwa wa tezi, haioni seli. Tezi huweza kuvimba mwili unapojihami tu, na nyingine ya milimita 5 ikawa na saratani ndani yake. Jibu la uhakika hutoka kwa mtaalamu wa patholojia baada ya upasuaji, akichunguza kwa darubini angalau tezi 12.

"Kungoja picha ni kupoteza muda, kateni kwanza."
Utumbo ukiziba kabisa au kupasuka, hiyo ni dharura. Bila hivyo, picha inaweza kubadili mpango mzima. Utafiti wa FOxTROT, uliochapishwa mwaka 2023, uliwahusisha wagonjwa 1,053 wa Uingereza, Denmark na Sweden, waliochaguliwa kwa CT kwa kuwa uvimbe ulikuwa umeingia ndani sana lakini haujasambaa mbali. Waliopewa wiki 6 za tiba ya kemikali kabla ya upasuaji, asilimia 16.9 walibakiwa na ugonjwa au ukawarudia ndani ya miaka 2. Kwa waliopasuliwa kwanza ilikuwa asilimia 21.5. Bila picha, nani angejua wa kuanzishiwa dawa?

"Ile dawa ya mshipani wanayokuchoma wakati wa CT ili picha ionekane vizuri inaua figo."
Ikiingia utahisi joto mwili mzima, hata kudhani umejikojolea. Hupita upesi. Kuhusu figo, mwenye ugonjwa wa figo, mzio au anayemeza metformin (dawa ya kisukari) aseme mapema, apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kwanza.

Ukitoka, dai CD ya picha pamoja na ripoti. Daktari wa upasuaji anahitaji kuzitazama mwenyewe.