Anza ukutani: dhana potofu kuhusu kumfyekea mzee kiwanja kabla ya moto wa nyika

Tarehe 8 Novemba 2018 moto ulioitwa Camp Fire uliingia Paradise, mji wa kaskazini mwa California uliokuwa na wastaafu wengi. Watu 85 walikufa, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 65, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Januari 2025 huko Altadena, karibu na Los Angeles, ikawa vilevile: waliokufa wengi walikuwa wazee, na baadhi yao hawakuweza kutembea wenyewe. Mtu wa miaka 80 hapandi ngazi kuzoa majani juu ya paa, na asiye na kipato hawezi kumlipa fundi kila mwaka. Ndiyo maana majirani, makanisa na mabaraza ya wenyeji yanayoitwa Fire Safe Council hupanga siku za kwenda kuwafyekea. Moyo wa kusaidia upo. Kinachoumiza ni kuona watu kumi wanatoka jasho kutwa nzima, kisha wanaondoka na kuacha pale pale moto utakapoingilia.

“Moto huja kama ukuta wa miali, kwa hiyo tuanze na miti mikubwa kule nyuma”

Nyumba nyingi huwashwa na cheche, yaani vipande vya magome, sindano za misonobari na mbao vinavyobebwa na upepo vikiwa bado vinawaka. Huweza kutangulia mbele ya moto kwa zaidi ya kilomita moja. Wa pwani waliowahi kuona paa la makuti likishika kwa kaa moja lililorushwa na upepo hawahitaji maelezo zaidi. Kule Paradise picha zilionyesha nyumba zilizobaki majivu matupu huku misonobari iliyo kando yake bado ina majani ya kijani. Moto haukushuka kutoka kwenye miti. Ulitoka nyumba hadi nyumba, na mara nyingi ulianzia kwenye kitu kidogo kilichokuwa kimelala karibu na ukuta.

Jack Cohen, mtafiti wa misitu wa serikali ya Marekani, alishiriki majaribio yaliyofanywa Kanada, ambako kuta za mbao ziliwekwa mbele ya msitu unaowaka kweli. Za umbali wa mita 10 ziliweza kushika moto. Za mita 30 hazikushika.

Kwa hiyo saa za kwanza za kazi ni za mita 1.5 kutoka ukutani. Wakaguzi wa California wanaiita Zone 0, nasi tuiite kanda sifuri. Humo kusiwe na kitu kinachoweza kuungua:

– Ng’oa vichaka vilivyo chini ya madirisha, hasa mijunipa. Nje ni kijani, lakini ndani imejaa majani makavu yenye mafuta.
– Zoa matandazo ya magome na uweke kokoto au vibamba vya zege.
– Safisha mifereji ya paa na pembe ambapo mapaa mawili yanakutana, maana sindano hujikusanya hapo.
– Ondoa kuni, maboksi, viti vya plastiki, fagio, na hata lile zulia la makumbi ya nazi la kufutia miguu mlangoni.
– Angalia matundu ya hewa ya dari na ya chini ya sakafu. Wavu wenye matundu makubwa huingiza cheche ndani, na nyumba huanza kuungua kutoka darini wakati nje hakuna mwali. Weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Nailoni huyeyuka.
– Kama uzio wa mbao umegusa nyumba, kipande cha mwisho cha mita 1.5 kiwe cha chuma. Uzio ni utambi.

Katika nyumba za wazee na watu wenye ulemavu kuna jambo ambalo orodha za kawaida hulisahau, nalo ni njia mteremko ya mbao ya kiti cha magurudumu. Imeshikana na nyumba, chini yake kuna uwazi, na majani huingia humo miaka nenda rudi bila mtu kuinama kuangalia. Ingia na reki yenye mpini mrefu, toa kila kitu, kisha funga pembeni kwa wavu huohuo wa milimita 3. Hiyo ndiyo njia yake ya kutokea. Ikiwaka, hana nyingine.

“Kusafisha ni kufyeka mpaka udongo uonekane”

Huo ni uharibifu. Kwenye mteremko mizizi ndiyo inayoshika udongo; ukiing’oa yote, mvua ya kwanza itakuletea matope mlangoni. Nje ya kanda sifuri, kata na uache mizizi ardhini. Udongo uliokwanguliwa pia huota upesi magugu ya mwaka mmoja, ambayo hukauka mapema kuliko vichaka ulivyoondoa.

Kinachotafutwa ni nafasi. Kati ya mita 1.5 na 9 kutoka nyumbani, toa vyote vilivyokufa na upunguze matawi yaingilianayo. Tawi lolote liwe umbali wa angalau mita 3 kutoka bomba la moshi. Kati ya mita 9 na 30, nyasi zisizidi sentimita 10. Palipo tambarare, acha mita 3 kati ya matawi ya mti na mti. Mteremko ukiwa mkali, nafasi ifike mita 9, kwa sababu moto unaopanda mlima huyapasha joto yaliyo juu kabla ya kuyafikia.

Halafu kuna ngazi ya moto: nyasi zinawasha kichaka, kichaka kinawasha tawi la chini, tawi linawasha kilele. Ivunje. Matawi yaanze mita 1.8 kutoka ardhini, na kama kuna kichaka chini ya mti, nafasi kati yao iwe mara tatu ya kimo cha kichaka. Kichaka cha mita 1 kinahitaji mita 3 za hewa tupu juu yake. Mara nyingi kuondoa kichaka ni rahisi kuliko kuupogoa mti. Mwaloni mkubwa wenye afya, uliopogolewa vizuri, hauna sababu ya kukatwa.

“Siku yoyote ya jua ni siku ya kufyeka”

Mwaka 2018, kaskazini mwa California, moto ulioitwa Ranch Fire uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 1,600. Wachunguzi walikuta ulianza kwa mtu aliyegongea kigingi cha chuma ardhini ili azibe tundu la nyigu. Nyundo ikatoa cheche, nyasi zikashika.

Blade ya mashine ya kukata nyasi ikigonga jiwe hufanya vivyo hivyo. Maliza kukata nyasi kabla ya saa nne asubuhi, umande ukiwa haujakauka. Siku ya upepo mkali au ya tahadhari ya moto, acha mashine zote. Okota mawe kwanza. Weka koleo na bomba la maji lililofunguliwa tayari, usijaze mafuta injini ikiwa bado ya moto, na mtu mmoja abaki nusu saa baada ya kazi akikagua palipokatwa. Wakati mzuri kuliko wote ni mwisho wa masika, nyasi zinapoanza kugeuka rangi. Kabla ya kukata vichaka angalia viota.

Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme si kazi ya wanaojitolea. Simama mita 3 mbali na uwaite wa shirika la umeme.

“Mzee anakataa kwa sababu ya ukaidi”

Mara nyingi anakataa kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Waridi lile chini ya dirisha lilipandwa na marehemu mumewe, na kikundi cha vijana kinaingia na msumeno asubuhi na mapema. Nenda siku chache kabla ya kazi, mtu mmoja au wawili tu. Tembea naye, au msukume kwenye kiti chake, mkizunguka nyumba taratibu. Funga utepe mwekundu kwenye kinachoondoka na mweupe kwenye kinachobaki. Waridi linaweza kung’olewa na mizizi yake na kuhamishiwa mita 5 mbele, ambako atalimwagilia na kuliona kutoka dirishani. Andika mliyokubaliana, asome, atie sahihi, abaki na nakala. Hilo linamlinda pia na matapeli wanaobisha hodi msimu wa moto wakidai malipo kabla ya kazi.

Piga picha za kabla na baada, zenye tarehe, na umwachie. Tangu 2022 kanuni za California zinazitaka kampuni za bima kuwapunguzia ada walioikinga nyumba, na kanda sifuri ni mojawapo ya mambo yanayohesabiwa.

“Lazima apate mita 30 hata kama kiwanja ni kidogo”

Sheria ya jimbo la California inadai mita 30 au mpaka wa kiwanja, kimojawapo kitakachotangulia. Zaidi ya hapo ni hiari ya jirani, na ruhusa yake huombwa kwanza.

“Tukishakata, tumemaliza”

Rundo la matawi lililoachwa uani ni baya kuliko kichaka hai, kwa sababu limekauka na limekusanywa mahali pamoja. Kabla ya kukata tawi la kwanza, jua litakwenda wapi. Kaunti nyingi hutuma mashine ya kusaga matawi: yapange kando ya barabara, ncha zilizokatwa zikielekea barabarani, bila mizizi, waya wala udongo. Mmea wenye sumu uitwao poison oak usichanganywe humo, na usichomwe kamwe. Moshi wake huumiza mapafu. Osha hata mipini ya vifaa, maana mafuta yake hubaki.

Kisha panga kurudi. Mifereji hujaa tena baada ya upepo wa wiki mbili. Kikundi kidogo chenye watu wawili wanaomtembelea mzee yuleyule mara tatu kwa mwaka kinamkinga zaidi kuliko umati wa siku moja.

“Kiwanja kikiwa safi anaweza kubaki ndani”

Hapana. Usafi unaipa nyumba nafasi na unawapa wazimamoto mahali pa kusimama. Mzee anatakiwa kuondoka mapema, kabla ya amri ya lazima ya kuhama. Kwa hiyo siku ya kufyeka pima na njia yake: upana wa sentimita 90 kutoka mlangoni hadi kwenye gari, bila tawi la kunasa gurudumu.

Jaribu mlango wa gereji umeme ukiwa umezimwa. Katika moto wa 2017 kaskazini mwa California kulikuwa na watu waliokufa wakiwa wameshindwa kuufungua, na tangu Julai 2019 sheria inataka mota mpya za milango hiyo ziwe na betri ya akiba. Nyumba nyingi za zamani hazina. Mwonyeshe kamba nyekundu ya kuachanisha mota, avute mwenyewe, ajaribu kuinua. Akishindwa, siku za tahadhari gari lilale nje, limegeuzwa kuelekea barabarani, funguo zikiwa mahali anapopafikia akiwa amekaa.