Je, wajua ni nani husimama kati ya Mfalme wa Uingereza na majeshi yake?

Kwenye gwaride la Siku ya Uhuru macho ya wengi humfuata Rais. Safari ijayo mtazame anayesimama hatua moja nyuma yake: afisa aliyenyooka kama mshale, kamba za dhahabu zikimning'inia begani, asogeaye Rais akisogea. Tanzania tunamwita mpambe. Mpambe wa kwanza kumjua ni wa harusini, yule anayekaa na bibi harusi karibu kuliko hata dada zake, akaiona shela imekaa vibaya kabla bibi harusi mwenyewe hajahisi. Kwa kazi ya afisa huyu sidhani kama lipo neno bora zaidi.

Mfalme wa Uingereza naye ana wapambe. Ila yeye, tofauti na marais wetu, ana mtu mwingine tena: afisa wa cheo cha Meja Jenerali, au cheo kinacholingana nacho upande wa majini na wa anga, ambaye amehesabiwa miongoni mwa watumishi wa Kasri la mfalme na papo hapo ni mtu wa Wizara ya Ulinzi. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita Katibu wa Majeshi ya Ulinzi. Kwa nini mfalme mwenye wapambe amhitaji na huyu?

Jibu linaanzia kwenye hofu ya zamani. Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao Charles wa Kwanza baada ya vita kati yake na Bunge, na chanzo kimojawapo cha vita hivyo kilikuwa swali la nani aongoze askari. Mwaka 1688 mfalme mwingine, James wa Pili, aliyekuwa amekuza jeshi kubwa wakati wa amani, alikimbia nchi. Mwaka uliofuata Bunge likaweka Sheria ya Haki, ikisema hakuna kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Kamba hiyo haijalegezwa mpaka leo: kila baada ya miaka 5 sheria inayolipatia jeshi uhalali wake hurudishwa bungeni ipitishwe upya. Mfalme wa mwisho kuongoza askari wake vitani alikuwa George wa Pili, huko Dettingen, Ujerumani, mwaka 1743.

Kwa hiyo pakazaliwa hali ambayo kwetu si rahisi kuielewa. Kwetu Amiri Jeshi Mkuu akiamuru, jeshi linaondoka. Uingereza mfalme ndiye mkuu wa majeshi kwa jina, lakini uamuzi wa kupeleka askari vitani ni wa Waziri Mkuu na baraza lake. Hata hivyo askari wa nchi kavu na wa anga huapa utii kwa mfalme na warithi wake, wala hawalitaji Bunge. Wanamaji hawaapi kabisa, kwa hoja kwamba jeshi lao lilianzishwa kwa mamlaka ya mfalme mwenyewe, na utii wao hauna haja ya kiapo.

Basi kuna mapenzi makubwa kati ya pande mbili zisizopaswa kupeana amri. Hapo ndipo Katibu anapoingia. Hapeleki amri, anapeleka habari, heshima na maombi. Mwanafamilia wa kifalme akipewa ulezi wa kikosi fulani, kama Prince William alivyokabidhiwa Welsh Guards mwaka 2022, shughuli za namna hiyo hupita mikononi mwa ofisi yake. Nafasi hii ilianzishwa mwaka 1964, pale wizara za jeshi la majini, la nchi kavu na la anga zilipounganishwa kuwa Wizara moja ya Ulinzi. Nyumba ikishakuwa moja, mlango wa kuingilia Kasrini nao ukawa mmoja, na maafisa wa majeshi yote matatu hupokezana kuushika.

Wapambe wao ni wa kale zaidi. Jina lao la Kiingereza linatokana na neno la Kifaransa la zizi la farasi, kwa sababu zamani kazi yao ilikuwa kutunza farasi wa mfalme. Leo ni maafisa wa cheo cha kati wanaopanga safari, kupokea wageni na kukaa karibu. Mwaka 1944 rubani wa vita Peter Townsend aliletwa kwa George wa Sita akae miezi 3 tu, akakaa miaka. Na mwaka 2017 Malkia Elizabeth alimpata mpambe wa kwanza mweusi, Meja Nana Kofi Twumasi-Ankrah, mzaliwa wa Ghana.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kilitokea Kenya. Tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, bado akijulikana kama binti mfalme, alirudi katika nyumba ya Sagana baada ya kulala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti wa mugumo huko Aberdare. Baba yake alikuwa amefariki London, naye hajui. Katibu wake binafsi, Martin Charteris, alipata habari kwa mwandishi wa magazeti katika hoteli moja ya Nyeri, akapiga simu Sagana. Aliyeipokea ni Michael Parker, afisa wa jeshi la majini, rafiki na msaidizi wa Prince Philip. Parker hakwenda kwa Elizabeth. Aliwasha redio kwanza apate uhakika, kisha akamwita Philip pembeni. Philip akamchukua mkewe wakatoka bustanini, akamwambia huko, wakiwa wawili.