Tangi la kusafirishia samaki: anza na mlango wa kutokea

Mteja anayetaka tangi la kusafirishia vifaranga huanza kwa kuuliza habari ya mtungi wa oksijeni. Mimi humuuliza samaki watashukaje. Wengi wanakuwa wameshafikiria lile tangi jeusi la maji ya nyumbani, lenye koki ndogo pembeni na mdomo juu. Gari likifika, mtu anaingiza wavu, anawakimbiza samaki kwenye maji machache, ute na magamba yanabaki kwenye nyuzi. Hawafi siku hiyo. Wanaanza kuelea siku zinazofuata, kwa fangasi na bakteria waliopitia vidondani, na lawama anabebeshwa aliyeuza vifaranga.

Kwa hiyo sakafu naiinamisha upande mmoja, na pale chini kabisa naweka bomba la inchi 4 au zaidi, laini kwa ndani, lenye vali inayofunguka kipenyo chote. Samaki wanateleza pamoja na maji hadi bwawani, hakuna anayewagusa.

Kisha mawimbi. Tangi lililojaa nusu humpigiza samaki ukutani kila dereva anapokanyaga breki. Kwa sato najaza hadi karibu na kifuniko. Kambale mkubwa hawezi hivyo: yeye hupanda juu kuvuta hewa, ukimnyima nafasi hiyo anadhoofika hata maji yakiwa mazuri. Tangi lake nalikata vyumba kwa kuta zenye matundu, ili nafasi ibaki lakini maji yasikimbie.

Sasa tuje kwenye mtungi. Maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa yana takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 zinabaki 7.5 hivi, na samaki naye kwenye joto anahema zaidi. Ndiyo maana naweka povu la kuzuia joto kati ya kuta mbili, nje napaka nyeupe, na safari ya Morogoro kwenda Dodoma nashauri ianze usiku. Mawe ya hewa, yale yanayoitoa oksijeni ya mtungi majini kama mapovu, yawe ya matundu madogo, maana mapovu makubwa hupasuka juu kabla oksijeni haijayeyuka.

Ila oksijeni haiondoi kaboni dioksaidi. Hili ndilo linalosumbua watu: mtungi unafanya kazi, kipimo kinasoma vizuri, samaki wamelala ubavu. Kifuniko kimebanwa, hewa chafu waliyoitoa haina pa kwenda. Natoboa tundu la kupokea upepo mbele na la kuutolea nyuma, na ndani naweka pampu ndogo ya volti 12 inayorusha maji juu kama bomba la mvua.

Mabati yenye zinki na viungio vya shaba sivitumii, vyote ni sumu kwa samaki. Fibaglasi inatosha.

Tangi la kufugia ni jambo jingine: liwe la duara, maji yaingie kwa ubavu ili yazunguke na kusukuma uchafu kwenye tundu la katikati, kipenyo kiwe kati ya mara 3 na 10 ya kina. Ukilipakia hilo kwenye gari, unapoteza pembe zote za bodi. Na kabla hujaagiza la lita 1,000 kwa pikapu yako, kumbuka maji peke yake ni tani moja, bado tangi, mtungi na wewe.