Viatu vya Kuchezea Tenisi: Maswali na Majibu

Nina raba za kukimbilia nilizonunua hapa Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Je, naweza kuzichezea tenisi?

Hazifai, hata kama ni mpya na za bei kubwa. Mkimbiaji huenda mbele, kwa hiyo raba zake hutengenezwa nyepesi, zikiwa na kisigino kilichoinuka na soli laini ya kupunguza mshindo. Mchezaji wa tenisi hukimbia kwenda kushoto na kulia, husimama ghafla na kugeuka, na kila anaposimama hivyo uzito wa mwili huelemea ukingo wa nje wa mguu. Kisigino kirefu kikibonyea upande huo, wayo hupinduka kuelekea ndani, na kano za upande wa nje wa kifundo huvutika kupita kiasi au huchanika. Kiatu cha tenisi huwa kifupi kwenda juu, soli yake huwa pana na ngumu zaidi, na pembeni huimarishwa ili mguu usihame ndani yake.

Je, aina ya uwanja ina umuhimu?

Ndiyo. Uwanja wa zege au lami hula soli haraka, hivyo unahitaji mpira mgumu na mnene. Uwanja wa udongo unahitaji soli yenye mistari ya zigizaga, inayoshika ardhi na bado kumruhusu mchezaji kuteleza kidogo. Uwanja ukilowa wakati wa masika, ahirisha mchezo.

Nichague saizi gani?

Jaribu viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi utakazochezea. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, ibaki nafasi ya takriban sentimita moja, na kisigino kisichomoke unapotembea. Vidole vikigonga mbele kila unaposimama ghafla, damu huvilia chini ya kucha nazo hugeuka nyeusi.

Je, mitumba inafaa?

Kwa maoni yangu, kiatu cha tenisi cha mtumba kilicho imara ni bora kuliko raba mpya ya kukimbilia. Hata hivyo, kikague kabla ya kupatana bei, iwe uko soko la Memorial hapa Moshi au soko la Kilombero kule Arusha. Kiweke mahali palipo sawa ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, kiache. Kikunje: kinapaswa kujipinda pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Bonyeza pia tabaka lililo juu ya soli ya chini, kwa kuwa huzeeka na kukakamaa hata kwenye kiatu kinachong'aa, na gundi iliyokauka huachia katikati ya mchezo.

Nikiteguka kifundo, nifanye nini?

Acha kucheza, inua mguu, ufunge kwa bandeji isiyobana mno, na uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Usikubali kuchuliwa wala kukandwa kwa maji ya moto katika siku mbili tatu za mwanzo, ingawa jamaa wengi watakushauri hivyo, kwa sababu joto na kuchua huweza kuongeza uvimbe. Ikiwa huwezi kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa, nenda hospitali siku hiyohiyo upimwe na kupigwa eksirei, kwani huenda umevunjika.